Air Jordan 1: kiatu cha 1985 kwenye mguu wa leo

Tarehe 8 Machi 1998 Michael Jordan aliingia Madison Square Garden, New York, akiwa amevaa viatu ambavyo hakuna mchezaji mwingine wa NBA ambaye angethubutu kuingia navyo kwenye mechi. Msimu ule Nike ilikuwa imeshafika toleo la 13 la kiatu chenye jina lake. Yeye akavaa lile la kwanza kabisa, Air Jordan 1, nyeupe, nyekundu na nyeusi, kwa kuwa alihisi huenda hiyo ikawa mara yake ya mwisho kucheza katika ukumbi ule akiwa na Chicago Bulls. Alifunga pointi 42. Mapumziko yalipofika miguu ilikuwa inamuwaka moto, lakini mpira ulikuwa unaingia, na mchezaji ambaye mpira wake unaingia habadilishi kitu. Baadaye alisimulia kwamba alipovivua viatu vile, soksi zilikuwa zimelowa damu.

Sijapata kusikia tathmini ya kiatu iliyo ya haki kuliko hiyo. Pointi 42 na soksi zenye damu ni kweli zote mbili, na anayetaka kusema neno kuhusu raba za zamani za mpira wa kikapu zinazorudishwa madukani hana budi kuzibeba zote. Wapo wanaozisifu kana kwamba zimeshushwa kutoka mbinguni. Wapo wanaosema ni jina tu, watu wanalipia mchoro wa mabawa. Mimi naivaa Air Jordan 1 ya toleo la mwaka 2022, lile lililopewa jina la Lost & Found, yenye rangi zilezile alizovaa Jordan usiku ule. Nimetembea nayo Kariakoo na Upanga, nimesimama nayo kwenye daladala kuanzia mwanzo wa safari hadi mwisho, nimecheza nayo kikapu juu ya saruji. Ninachokiamini ni kwamba kiatu hiki kimeishi miaka yote hii kwa sababu hakina ufundi mwingi ndani yake, na kwamba udhaifu wake uwanjani na uimara wake mtaani vinatoka mahali pamoja.

Ili kuliona hilo inabidi turudi mwaka 1984. Jordan alikuwa ametoka Chuo Kikuu cha North Carolina, ambako timu ilivaa Converse, na yeye mwenyewe moyo wake ulikuwa kwa Adidas. Nike ilikuwa inafahamika zaidi kwa viatu vya wakimbiaji. Ikamwahidi kijana ambaye hajacheza hata mechi moja ya NBA kiatu chake mwenyewe, na dola 500,000 kwa mwaka kwa muda wa miaka mitano. Aliyekichora ni Peter Moore. Nembo ya mpira uliowekwa mabawa aliichora akiwa angani, ndani ya ndege, baada ya kuona beji ya mabawa ya rubani, aina ile ambayo watoto walikuwa wakigawiwa wakisafiri. Mwaka 1985 kiatu kikaingia sokoni kwa dola 65, na ndani ya mwaka wake wa kwanza kikaingiza zaidi ya dola milioni 100.

Kisa cha kupigwa marufuku kimesimuliwa mno, nami nitakipita haraka. NBA ilitaka viatu vya mchezaji viwiane na vya wenzake, viatu vyekundu na vyeusi vya Jordan havikuwiana, barua ikaandikwa Februari 1985, na Nike ikaitumia barua hiyo kutangaza biashara. Waliochunguza picha za mechi za wakati ule wanasema kiatu kilicholeta ugomvi kilikuwa kingine, kinachoitwa Air Ship, ambacho Jordan alikivaa wakati chake kikiwa bado hakijakamilika. Tangazo halikusubiri uchunguzi huo.

La maana zaidi kwa mvaaji ni kwamba Moore alikuwa anafikiria rangi. Viatu vya kikapu vya wakati ule vilikuwa vyeupe na mstari mmoja wa rangi ya timu, basi. Yeye akakigawanya kiatu vipande vipande, kila kipande na rangi yake, hata mtu aliyekaa safu ya mwisho aweze kukitambua. Kiufundi hakukuwa na jipya. Kifuko cha hewa kilichokipa kiatu jina la Air ni wazo la Marion Frank Rudy, mhandisi aliyewahi kufanya kazi katika sekta ya anga, na Nike ilikuwa imeshakitia kwenye kiatu cha wakimbiaji cha Tailwind, kisha mwaka 1982 kwenye Air Force 1. Ndani ya Jordan 1 kifuko hicho kimefichwa kisiginoni na hakionekani. Mbele, chini ya vidole, hakuna hewa. Kilichobaki ni vipande vya ngozi vilivyoshonwa kimoja juu ya kingine, vikakalishwa ndani ya soli ya mpira iliyofinyangwa kama bakuli, ikagundishwa kwa gundi na kuzungushiwa mshono pande zote.

Siku za mwanzo kinakaza. Shingo yake ni ndefu na ngumu, na ukifunga kamba hadi tundu la mwisho inakukata kwenye kifundo cha mguu kila unapopanda ngazi. Wazoefu huacha matundu mawili ya juu bila kufunga, na sasa najua kwa nini. Soli ni bapa na haina ule mteremko wa viatu vya kisasa unaokusukuma mbele. Unahisi ardhi: kokoto, ukingo wa barabara, mfuniko wa chemba. Hewa ya kisiginoni sikuihisi hata kidogo katika kutembea kwa kawaida, na ningekuwa sijaambiwa kwamba imo, nisingeitafuta.

Kisha ngozi inaanza kukubali. Mabadiliko yanaanzia pale kiatu kinapokunjikia, juu ya vidole, nyuma kidogo ya vile vitundu vidogo vya kupitishia hewa. Mkunjo wa kwanza unatokea kama mstari wa kucha, unafuatwa na mwingine sambamba nao, halafu inazaliwa mingine midogo katikati. Mguu wangu wa kulia unakanyaga kwa nje zaidi kuliko wa kushoto, na viatu vimeshaliandika hilo: mikunjo ya kulia imelala upande, ya kushoto imenyooka. Ulimi ni wa nailoni nyembamba, kingo zake zinaonyesha sponji ya ndani, nao umehama taratibu ukakaa pale ambapo mfupa wa mguu unautaka. Shingo iliyokuwa inakata imelegea, na sasa inazunguka kifundo bila kukibana. Siku hizi nikivaa, kiatu kinaingia bila kupigania kisigino, na naweza kutembea mchana kutwa.

Joto ni jambo la kusema waziwazi. Ngozi hii haikufikiriwa kwa ajili ya Dar es Salaam ya mwezi Februari. Vitundu vya mbele vinasaidia kidogo, lakini saa saba mchana mguu unachemka ndani, na soksi ya pamba inayofyonza jasho si hiari. Mvua, kwa upande mwingine, kinaivumilia kuliko raba nyingi za kitambaa, ilimradi usikianike juani. Kijaze magazeti, kiweke kivulini, ngozi inarudi ilivyokuwa.

Uwanjani habari ni nyingine. Saruji haina msamaha, na kiatu chenye hewa kisiginoni peke yake kinakuacha ulipe mwenyewe kila unaporuka na kushukia mbele ya mguu. Magoti yanajua kabla akili haijajua. Kushika ardhi kinashika vizuri pale ambapo sakafu ni safi; chini ya unyayo kuna mchoro wa mduara uliowekwa kwa ajili ya kuzungukia mguu mmoja, na kazi hiyo inaifanya barabara. Likitanda vumbi, mchoro unajaa na unaanza kuteleza. Shingo ndefu, ambayo watu wengi huamini inazuia kuteguka, haikunipa ulinzi wowote niliouona; ngozi ikishalainika inafuata mguu popote unakokwenda. Na uzito upo. Mlinzi mwepesi aliyevaa raba ya kisasa ya kitambaa na povu laini atakuacha kwenye hatua ya kwanza, na kosa halitakuwa lako peke yako.

Kwa hiyo kijana anayejifunza kikapu, au mwenye mechi za ligi kila wikendi, asicheze na Jordan 1. Namwambia hivyo kila anayeniuliza, na namwambia kwa uchungu kwa sababu najua anavyokipenda. Jordan mwenyewe, mwenye miguu iliyotunzwa na wataalamu na sakafu ya mbao chini yake, alitoka damu. Hapo ndipo tofauti ya 1985 na leo inapoonekana bila ubishi: povu limekuwa jepesi, kitambaa kimekuwa imara, soli zinarudisha nguvu mguuni badala ya kuimeza. Maendeleo hayo ni ya kweli, na magoti ya watu yamenufaika.

Lakini mambo yanageuka ukitoka uwanjani na kuacha miaka ipite.

Kuanzia Jordan 3 ya mwaka 1988, ile aliyoichora Tinker Hatfield, kifuko cha hewa kikaonyeshwa kupitia dirisha kwenye soli, na soli ya kati ilikuwa ya povu la poliurethani. Povu hilo ni zuri sana mguuni. Tatizo lake ni unyevu. Maji yaliyomo hewani yanalishambulia taratibu na kuzivunja nyuzi za kikemia zinazolishikilia, na joto linaharakisha kazi hiyo. Kiatu kinaweza kukaa ndani ya boksi, hakijavaliwa, kimefungwa karatasi yake, na siku unapokitia mguuni baada ya miaka kumi na kitu soli inamomonyoka hatua kwa hatua hadi unabaki na ngozi nzima iliyokalia unga. Wakusanyaji wa Marekani na Ulaya wanalijua hilo kwa machozi. Anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja, ambako joto na unyevu ni ndugu, ana sababu zaidi ya kulijua. Hata wenye kuzoea viatu hivi husema kuvivaa mara kwa mara kunasaidia kuliko kuviacha vimelala, nami kwa nilivyoona naafikiana nao.

Jordan 1 imeponea kwenye unyonge wake. Soli yake ya nje ni mpira, na mpira unakauka, unakuwa mgumu, unageuka rangi, lakini haugeuki unga. Kipande cha povu na kifuko cha hewa vilivyomo ndani vinaweza kufa, na mvaaji akahisi anakanyaga ubao, ila kiatu kitabaki kimeshikamana. Ndiyo maana hadi leo wapo watu wanaotembea na jozi za mwaka 1985 zenyewe, huku wadogo zake wenye madirisha na mapovu wa miaka michache baadaye wakiwa hawawezi kuvuka barabara.

Nilivipeleka viatu vyangu kwa fundi viatu wa mtaani kwetu, anayekaa chini ya mwarobaini na kazi yake kubwa ni kushonea soli za raba za mtumba zilizoachia gundi. Alikigeuza kimoja, akakikunja mara mbili, kisha akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mfereji wa soli ambamo uzi umelala, kuanzia kisiginoni hadi kwenye ncha, na kurudi upande wa pili. "Hiki kimeshashonwa, kaka," akasema. "Kazi yangu wameshaimaliza hukohuko kiwandani." Akaniuliza kama ninauza. Kuna maoni mengi ya wataalamu wa raba niliyowahi kuyasoma, na nayapa yote uzito mdogo kuliko ukucha ule, kwa sababu yule mzee anaona kila siku mahali ambapo viatu vinafia.

Sasa nizungumzie jambo linalonikera kwenye toleo hili la 2022. Wabunifu walitaka ionekane kana kwamba imekutwa kwenye ghala la duka dogo la miaka ya 1980, ilikokuwa imesahauliwa. Ngozi nyeusi ya shingoni imepasuliwa makusudi, ina nyufa kama rangi ya zamani ya mlango. Soli imetiwa umanjano. Mfuniko wa boksi haufanani na boksi lenyewe, na ndani kuna risiti ya kuigiza, iliyoandikwa kwa mtindo wa enzi hizo. Kilitoka Novemba 2022 kwa dola 180, na watu wakakigombania.

Nyufa za shingoni nimezizoea, hata nazipenda, kwa kuwa zinaendelea kupasuka kila ninapokunja mguu na kwa hiyo sasa ni zangu. Umanjano wa soli siukubali. Soli nyeupe ya Jordan 1 inageuka njano yenyewe kwa jua, jasho na wakati, na kila mvaaji anaifikisha kwenye njano yake. Kumpa mtu uzee ulio tayari ni kumnyang'anya jambo ambalo kiatu hiki kinalifanya vizuri kuliko vingine vyote. Ngozi isiyokuwa na siri nyingi inaandika maisha ya mtu aliyeivaa, na ukurasa ulioandikwa nusu tayari kiwandani ni hasara kwa mwandishi wake. Ningependa matoleo yajayo yatoke meupe, safi, yatuachie sisi kazi iliyobaki.

Na soko lenyewe, pamoja na kelele zake zote, linanipa ushahidi. Agosti 1985 Jordan alikuwa Trieste, Italia, kwenye mechi ya maonyesho. Alidanki kwa nguvu hadi ubao wa kioo ukapasuka na kumwagika uwanjani. Kiatu alichovaa, Air Jordan 1 ya rangi hizihizi, kikabaki na kipande cha kioo kimenasa kwenye soli. Mwaka 2020 jozi hiyo iliuzwa kwenye mnada wa Christie's kwa dola 615,000. Sijasikia jozi safi ya boksini ya kiatu hicho iliyokaribia bei hiyo. Kilicholipiwa ni jasho na kile kioo.

Hata hivyo hali haikuwa hivi siku zote. Nike ilipoirudisha Jordan 1 kwa mara ya kwanza mwaka 1994, Jordan alikuwa amestaafu na yuko kwenye besiboli, na viatu vilidoda hadi maduka yakavishusha bei. Watu walikuwa bado hawajaanza kuona aibu ya kuviacha. Nayakumbusha hayo kwa vijana wanaodhani thamani ya retro, yaani viatu vya zamani vinavyorudishwa, ni sheria ya maumbile. Ni ya watu, na watu hubadilika.

Pembeni kidogo: katika viatu vyote vya kikapu vilivyowahi kurudishwa, kimoja ninachokitamani kikae karibu na hiki kabatini ni cha Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, ambacho Adidas ilikitoa mwaka 1993 kikiwa na michoro ya vitambaa vya Kiafrika. Mtu aliyezaliwa ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika, tena mbali zaidi, akafika NBA na kupewa kiatu chenye jina lake na michoro ya bara lake: kiatu hicho kinatustahili kuliko hadithi ya barua ya Februari 1985. Kilirudishwa baadaye, ila kwetu hukioni.

Jordan 1 unaiona kila kona, na sehemu kubwa ni feki. Sina neno baya kwa anayeivaa kopi kwa kuwa ndiyo aliyoiweza. Neno langu ni kwa anayetaka orijino na ana uvumilivu wa kuitafuta Karume au Gikomba, kwenye mitumba. Ukikuta Jordan 3 au 4 iliyopauka, bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba kwa nguvu. Ikitoa nyufa au chembechembe, iache hata kama ngozi inang'aa, maana soli hiyo imeshakufa. Ukikuta Jordan 1, tazama lebo ndogo ya ndani yenye namba na tarehe za kutengenezwa, ulinganishe kushoto na kulia. Pitisha kidole juu ya nembo ya mabawa: ya kweli imezama kwenye ngozi, ya feki mara nyingi imepakwa juu yake. Nusa, gundi kali ni dalili mbaya. Kisha kigeuze ufuate mshono wa soli wote, hatua kwa hatua, kama alivyofanya fundi wangu. Uzi ukiwa umekatika mahali pamoja au pawili usikate tamaa, hiyo ni kazi ya dakika chache chini ya mwarobaini. Mikunjo isikutishe. Punguza bei kwa sababu ya mikunjo, muuzaji atakubali, halafu ondoka navyo ukiwa umevivaa.